Ngoma Ndani ya Miwani

Ipo ngoma ambayo mchezaji wake huicheza akiwa amezibwa macho. Hakuzibwa kwa kitambaa. Amevaa kofia yenye vioo viwili vidogo, kimoja mbele ya kila jicho, na ndani ya vioo hivyo kuna dunia nzima iliyochorwa na kompyuta. Akigeuza kichwa kushoto, dunia ile nayo inageuka. Akiinama, anaiona ardhi isiyokuwapo. Akinyosha mkono, mkono wake humo ndani unafika kwenye ukuta ambao sisi tulioketi ukumbini hatuuoni. Wataalamu wa Kiswahili wameupa ufundi huu jina la uhalisia pepe. Neno pepe tulikwisha kulizoea katika barua pepe, lakini kwa masikio ya mtu wa Tanga neno hili limejenga nyumba yake karibu mno na pepo, na mimi ujirani huo hauniudhi hata kidogo. Nitaeleza kwa nini.

Kofia ya kwanza ya namna hii ilitengenezwa Marekani mwaka 1968 na mtaalamu wa kompyuta aitwaye Ivan Sutherland, pamoja na wanafunzi wake. Ilikuwa nzito kiasi cha kulazimika kuning'inizwa darini, na aliyetaka kuitumia alikwenda kusimama chini yake kama mtu anayevalishwa taji. Kwa chombo kama hicho mtu hatikisi bega, sembuse kiuno. Wacheza dansi walisubiri zaidi ya miaka ishirini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika kituo cha sanaa cha Banff, mji mdogo wa milimani nchini Kanada, walifanya kazi pamoja watu wawili. Mmoja ni Diane Gromala, msanifu wa michoro. Mwingine ni Yacov Sharir, mcheza dansi na mwalimu katika Chuo Kikuu cha Texas. Gromala alikuwa mtu aliyeishi na maumivu makali ya mwili kwa muda mrefu. Alichukua picha za hospitali zilizopigwa ndani ya mwili wake mwenyewe, akazikuza katika kompyuta hata mbavu zikawa kama nguzo za jumba na moyo ukawa chumba cha kuingia. Sharir akavaa kofia, akaingia humo, akacheza. Watazamaji waliuona mwili wake jukwaani na, juu ya kitambaa kikubwa, waliona kile alichokuwa akikiona yeye. Kazi hiyo ilionyeshwa mwaka 1994, na inahesabiwa miongoni mwa kazi za kwanza kabisa duniani kuoza dansi na uhalisia pepe.

Waliipa jina la *Dancing with the Virtual Dervish*, yaani kucheza na darweshi wa pepe. Jina hilo ndilo lililonikamata. Waliwafikiria wale madarweshi wa Uturuki wanaozunguka kama pia mpaka mzungukaji asijue tena mwisho wa mwili wake uko wapi. Wenye mashine ghali za wakati ule, walipotafuta mfano wa mtu aondokaye mahali alipo kwa njia ya mwili wake, hawakuupata kwenye maabara. Waliupata kwenye tarika.

Basi na sisi tujiulize yetu. Pwani hii watu wanazijua zikri, na Unguja wanaijua maulidi ya homu, ile ambayo vijana hukaa safu kwa safu wakayumba pamoja kama mawimbi. Siseme kwamba ibada ni mchezo, la hasha. Nasema tu kwamba elimu ya pumzi na mwendo, na ya namna viwili hivyo vinavyomhamisha mtu, haikuletwa kwetu na meli.

Na kuna kilinge. Najua wapo watakaokunja uso, na mimi simtumi mtu akapungwe. Lakini mtazame kwa jicho la fundi yule mgonjwa aliyefunikwa shuka jeupe kichwani, moshi wa buhuri ukimpanda, ngoma zikimlia masikioni. Shuka limemziba macho yake ya kawaida. Moshi umeziba pua yake. Ngoma imejaza masikio. Kisha anainuka na kusema kwa lugha nyingine, kwa sauti nyingine, pengine ni pepo wa Kiarabu, pengine wa Kimasai, pengine Kibuki, na kila mmoja ana nguo zake na vyakula vyake. Mtu huyo anaitwa kiti. Nimetafuta kwa muda mrefu neno la Kiswahili la kumwita yule aliyevaa kofia ya Sutherland, nami sijaona lililo bora kuliko hilo.

Hata hivyo, mfano ninaoupenda zaidi si wa kilingeni. Ni wa barabarani, mchana kweupe, na mji wetu wa Tanga ulikuwa na sehemu kubwa katika mfano huo. Nazungumzia beni.

Beni ilianzia pwani ya kaskazini, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890. Jina lenyewe ni lile la bendi. Mombasa kulikuwa na Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1875, na huko vijana walifundishwa kupuliza matarumbeta. Watu wakayasikia, wakaliona gwaride la askari na mabaharia wa Kizungu, wakavichukua vyote viwili na kuvitia ndani ya desturi yao ya zamani ya mtaa kushindana na mtaa kwa ngoma. Mombasa pande mbili ziliitwa Kingi na Skochi. Beni iliposhuka Tanga na Dar es Salaam, kabla ya vita ya mwaka 1914, pande zikawa Marini na Arinoti. Marini walijihesabu waungwana wa mji, na makarani wakiwamo. Arinoti walikuwa na watu wengi wa kazi za mikono na wageni wa kutoka bara. Hapa kwetu Wajerumani walikuwa wamejenga shule ya serikali tangu miaka ya 1890, shule iliyochapa gazeti la *Kiongozi* na ambayo wanafunzi wake walikuwa na bendi ya matarumbeta. Kwa hiyo milio haikuwa mbali.

Sasa tazama walichokifanya. Kuli wa bandarini, ambaye asubuhi yake yote ni kubeba magunia ya watu, jioni alivaa koti lenye vifungo vya shaba akawa jenerali. Mwenzake akawa Kaizari. Mwingine gavana, mwingine hakimu, mwingine daktari. Kulikuwa na vyeo vya wanawake pia. Walipigiana saluti, wakaandikiana barua za kiofisi, wakatozana faini, wakazika wafu wao kwa heshima ya cheo. Mtu akifika ugenini bila ndugu, Marini wenzake au Arinoti wenzake ndio waliompokea. Siku ya mashindano walitembea gwaride, na katika gwaride lile kwa saa kadhaa Tanga ilikuwa na dola nyingine, yenye jeshi na mahakama, ambayo haikuandikwa katika ramani yoyote ya Berlin. Mwisho wa ngoma dola ikafungwa, koti likarudi sandukuni, na kesho asubuhi jenerali akaenda kubeba magunia.

Mimi naona huo ulikuwa uhalisia pepe uliokamilika, pasipo waya. Na tofauti na kofia ya Banff, ambayo humwingiza mtu mmoja na kuwaacha wengine nje wakichungulia, beni iliingiza mtaa mzima.

Vita ikaitawanya. Askari, wapagazi na mateka walipita nayo mpaka Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini na Katanga. Waingereza walipoichukua nchi hii baada ya vita waliingiwa na hofu: hawa wenye majenerali na barua, je, si chama cha siri cha kuipindua serikali? Wakachunguza, wakaandika ripoti, wakaona hakuna mapinduzi. Kuna profesa wa historia, Terence Ranger, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, ambaye aliifuatilia ngoma hii katika nchi zote hizo na kutoa kitabu kizima mwaka 1975. Asiyeamini kwamba ngoma ni historia na akisome.

Ipo habari moja kutoka kwa mtafiti mwingine, Clyde Mitchell, ambayo siachi kuisimulia. Aliandika mwaka 1956 juu ya ngoma ya kalela, mjukuu wa beni, aliyoitazama katika mji wa migodi wa Luanshya, Zambia ya leo. Wachezaji walivaa nadhifu, mashati na viatu vinavyong'aa. Miongoni mwao alikuwamo daktari mwenye koti jeupe, na mwanamke mmoja tu, aliyeitwa nesi, naye kazi yake ilikuwa kupita kati ya wachezaji na kioo na leso, wajitazame na kujifuta jasho. Fikiri, mtu katikati ya ngoma anaonyeshwa sura yake! Hicho kioo cha nesi ndicho kinachokosekana katika mashine nyingi nitakazozitaja sasa.

Beni ilififia polepole, dansi la magitaa likachukua nafasi, na mji huu ukazaa Atomic na Jamhuri. Hebu fikiri vijana wa Tanga katika miaka ya 1950 wakijiita Atomic, wakati atomu ndiyo ilikuwa habari ya dunia! Kwa ufupi, mji huu haujawahi kukiogopa chombo kipya. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba ninayoyasema leo ni kilio cha mzee anayechukia kompyuta. Kwanza, mzee bado sijawa.

Baada ya Banff, ufundi ulichukua njia ya pili, na hii ndiyo inayotuhusu zaidi. Inaitwa kunasa mwendo. Mchezaji hubandikwa vitufe vidogo vinavyong'aa kwenye viungo vyake, magotini, viwiko, mabegani. Kamera nyingi humzunguka, nazo hazichukui sura yake, zinachukua tu mahali kilipo kila kitufe katika kila sehemu ndogo ya sekunde. Kompyuta ikiunganisha nukta hizo, inapata mwendo ulioachwa na mwili, kama unyayo mchangani baada ya mtu kupita. Mwaka 1999 zilitoka kazi mbili kubwa kwa njia hiyo, zote kwa msaada wa wasanii Paul Kaiser na Shelley Eshkar. Merce Cunningham, mzee wa dansi wa Marekani, alitoa *Biped*, ambamo wachezaji wa damu na nyama walicheza pamoja na majitu ya michoro yaliyopita hewani mbele yao. Bill T. Jones, Mmarekani mweusi, alitoa *Ghostcatching*, jina lenye maana ya kukamata mizimu. Humo mwendo ni wa Jones mtupu, kila mzunguko wa bega ni wake, lakini hakuna ngozi, hakuna uso. Mistari ya chaki tu inacheza gizani. Wengine waliona uzuri. Mimi nilipoona kanda yake nilipata baridi, maana historia ya watu weusi inazijua nguvu zao zilivyochukuliwa na nyuso zao zikaachwa.

Siku hizi mambo yamekwenda mbali. Mwaka 2017 Gilles Jobin wa Uswisi alitoa kazi inayoingiwa na watazamaji watano kwa pamoja, kila mmoja na kompyuta mgongoni, wakawa wanatembea kati ya wachezaji wa michoro, wengine wakubwa kama minara. Mwaka 2021 Blanca Li, mtunzi wa dansi kutoka Hispania aishiye Ufaransa, alipata tuzo huko Venice kwa kazi ambayo mtazamaji huchagua gauni au suti, huvikwa kichwa cha mnyama, na huingia kucheza katika dhifa ya Paris. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu. Marini na Arinoti walikuwa na majenerali wao miaka mia moja kabla.

Afrika Mashariki nayo haikulala. Mwaka huohuo wa 2017 Nairobi ilitoa kazi mbili za uhalisia pepe zilizozunguka dunia: *Nairobi Berries* ya Ng'endo Mukii, na *Let This Be a Warning* ya kundi la Nest. Dansi ya kisasa tunayo tangu zamani kidogo. Opiyo Okach wa Kenya na Faustin Linyekula wa Kongo walishirikiana katika miaka ya 1990, na hapa kwetu Chuo cha Sanaa Bagamoyo kimefundisha wachezaji tangu mwaka 1981. Yaani vijana wapo, na ujuzi upo. Kilichobaki ni kuuliza: ngoma ikiingia kwenye mashine, inatoka mikononi mwa nani?

Mwaka juzi walifika wageni hapa Mabawa na kamera inayoona pande zote kwa wakati mmoja. Waliiweka juu ya kigoda katikati ya ua, kikundi kimoja cha kina mama kikacheza kukizunguka. Kazi ilichukua alasiri nzima. Wakatoa soda, nauli, na karatasi moja ya lugha ngeni iliyotiwa dole gumba. Kabla ya kuondoka, kijana mmoja wa wageni alifanya adabu. Akamsogelea mwimbishaji wa kikundi, bibi wa makamo yaliyopita.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba uvae hii miwani, ujitazame mwenyewe."

Bibi akavaa. Akashtuka, akashika ukingo wa kiti, kisha akatulia. Akageuza kichwa huku na huku, akawa anawataja wenzake kwa majina, kila mmoja alipo. Tukafurahi. Halafu akafanya kile ambacho mwimbishaji yeyote angefanya akizungukwa na kikundi chake na ngoma ikilia: akatoa sauti, akaanzisha wimbo mwingine. Wa ndani ya miwani hawakumjibu, maana wao walikuwa wanaendelea na ule wa zamani. Akaita tena. Akavua ile kofia, akamtazama kijana.

"Mwanangu, mbona humu siitikiwi?"

Sijapata kusikia uhakiki wa sanaa ulio mfupi na mzito kama huo. Ngoma yetu inasimama kwa mwito na kiitikio. Mwimbishaji hubadili maneno akimwona bwana harusi amechelewa, mpigaji huongeza mwendo akimwona mchezaji amepata joto, na mtazamaji akiona vema huingia uwanjani na noti mkononi. Ukiunasa mwendo bila kiitikio umenasa nusu, na nusu hiyo ndiyo itakayowekwa kwenye maktaba za mbali iitwe ngoma ya Tanga. Haikosi faida, nakubali. Bibi akiondoka, mjukuu ataiona hatua ilivyokuwa. Ningetoa kingi kuiona beni ya mwaka 1910 namna hiyo! Lakini faida hiyo inataka mjukuu awe na ruhusa ya kuifungua kanda, na miwani ya kuivaa.

Tena kuna fedha. Mchezo wa kompyuta uitwao Fortnite, uliotoka mwaka 2017, uliuza hatua za kucheza: unalipa, kikaragosi chako kinacheza hatua hiyo. Mwaka 2018 Wamarekani kadhaa, wakiwamo msanii 2 Milly na mwigizaji Alfonso Ribeiro, waliishtaki kampuni yenye mchezo huo kwamba hatua ni zao. Ofisi ya hakimiliki ya Marekani ilikataa kuiandikisha hatua ya Ribeiro ikisema ni fupi na nyepesi mno, na mwaka 2019 kesi zao zikaondolewa. Mtunzi mwingine wa dansi, Kyle Hanagami, hakukata tamaa. Mahakama ya kwanza ilimtupa mwaka 2022. Mwaka 2023 mahakama ya rufani ikasema dansi haiwezi kukatwakatwa vipande na kuambiwa kila kipande ni kidogo; jinsi mwili unavyokaa, mwendo, nafasi na mapigo, vyote vitazamwe pamoja. Baadaye pande mbili zikapatana nje ya mahakama. Huyo ni mtu mwenye mawakili.

Sisi tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoleta COSOTA, na ndani yake imo sehemu inayohusu sanaa za jadi. Lakini uliza vikundi vya ngoma vya Tanga ni vingapi viliwahi kuisikia sheria hiyo ikisomwa. Chukua baikoko, ngoma ambayo nchi nzima inaijua kuwa ya Tanga. Imepigwa vita kwa madai ya maadili, na sitaki kuingia katika ugomvi huo leo. Ninalolitazama ni kwamba ilisambaa kwa simu na mitandao, ikatazamwa na watu wasiohesabika, wenye kurasa wakapata watazamaji wao, na wachezaji waliobebeshwa aibu ndio waliokosa mapato. Hapo ni picha ya kawaida tu. Ukishanaswa mwendo, kiuno cha binti wa Mabawa kinaweza kuvikwa kikaragosi kisicho na jina, kikachezeshwa tangazo la sabuni huko ng'ambo, na asiwepo hata wa kumlaumu.

Najua atakayenijibu kwamba hata beni ilikuwa wizi. Nani aliwalipa mabaharia wa Kijerumani? Ni hoja nzuri, nami nimeifikiria. Lakini kuli wa Tanga aliliiga gwaride kwa mwili wake, akalivunja, akalijaza maneno yake, na yule baharia hakupungukiwa kitu wala hakuzuiwa kuendelea kutembea. Karatasi ya dole gumba inaweza kumzuia mwenye ngoma.

Wiki iliyopita nilikwenda kumwuliza bibi yule, wageni wakirudi awadai nini. Nilitegemea aniambie fedha. Akahesabu kwa vidole wanakikundi wake, akarudia kuhesabu, akasema walete miwani ishirini na mbili, maana waitikiaji ni ishirini na mmoja na yeye mwimbishaji, na karatasi iwe ya Kiswahili.